Kutoka Kibaba hadi Kionyeshi: Mizani na Maneno Yake katika Meru na Embu

1. Utangulizi

Historia ya msamiati wa Kiswahili aghalabu imeandikwa kwa kufuata nyayo za watu: wafanyabiashara wa pwani, wamisionari, maofisa wa serikali na watungaji wa kamusi. Ni nadra kufuatwa nyayo za chombo. Hata hivyo kuna vyombo ambavyo, kila vilipoingia katika nchi mpya, viliingia na maneno yao, na maneno hayo yakabaki hata baada ya chombo chenyewe kuchakaa na kutupwa. Mizani ni mojawapo ya vyombo hivyo.

Makala hii inafuatilia safari ya mizani katika nchi za Meru na Embu, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, tangu siku za vipimo vya ujazo hadi mizani ya tarakimu inayotumika leo katika vituo vya chai na viwanda vya kahawa. Nchi hizi zinafaa kwa uchunguzi wa namna hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, uchumi wake umejengwa juu ya mazao ambayo hupimwa mbele ya mkulima mwenyewe, na malipo yake ya mwezi au ya mwaka hutegemea tarakimu iliyoandikwa siku hiyo. Pili, Kiswahili huko si lugha ya kwanza ya wenyeji. Kwa hiyo inaonekana wazi zaidi jinsi neno la biashara linavyopokelewa, linavyogeuzwa, na pengine linavyokosekana.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mkulima huweza kuishitaki mizani pale tu anapokuwa na neno la kuitaja sehemu yake iliyokosa. Katika kila kipindi kilichotangulia maneno hayo yalipatikana, ingawa pengine yalichelewa. Katika kipindi cha mizani ya tarakimu bado hayajatulia, na upungufu huo si wa kamusi peke yake, bali ni wa haki pia.

2. Vipimo vya macho

Kabla ya utawala wa kikoloni watu wa Meru na Embu walipima nafaka, asali na vyakula vingine kwa vibuyu, vikapu na vyombo vya nyumbani. Mifugo ilihesabiwa kwa vichwa. Vipimo hivyo havikuwa na muhuri wa serikali, lakini vilikuwa na mashahidi; kila aliyekuwapo aliweza kuona kama kikapu kimejaa au hakikujaa, na ugomvi ukizuka uliamuliwa na wazee.

Pwani nako nafaka ilipimwa kwa ujazo. Vibaba viwili vilifanya kisaga, vibaba vinne vikafanya pishi, na pishi sitini zikafanya jizla. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba Waswahili hawakuridhika na neno kibaba peke yake. Walitofautisha kibaba cha tele, yaani kilichorundikwa hadi kikafanya kilima juu, na kibaba cha mfuto, yaani kilichosawazishwa ukingoni. Tofauti baina ya tele na mfuto ilikuwa faida au hasara ya siku nzima, na kwa kuwa kila upande ulikuwa na jina lake, mnunuzi aliweza kuuliza mapema: unaniuzia kwa tele au kwa mfuto? Hapa istilahi ilifanya kazi ya sheria.

Vipimo vya macho havijafa. Katika masoko ya Meru na Embu maharagwe na mahindi yangali yakiuzwa kwa gorogoro, kopo lililoanza maisha yake likiwa na mafuta ya kupikia. Viazi vya nyanda za juu za Meru viliuzwa kwa miaka mingi katika magunia yaliyoongezewa wavu juu hadi yakawa kama mtu aliyevaa kilemba. Tanzania huiita desturi hiyo lumbesa. Kanuni za viazi zilizotolewa Kenya mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, lakini lumbesa ni kibaba cha tele kilichokua. Iliyobadilika ni nafasi ya muuzaji, ambaye sasa ni mkulima, naye ndiye anayelazimishwa kurundika.

3. Ratili yapanda mlimani

Neno mizani ni la asili ya Kiarabu, kama yalivyo ratli, wakia na frasila. Frasila moja ilikaribia ratli 35 au 36, yaani kama kilo 16, nayo ndiyo iliyotumika kupimia pembe za ndovu, karafuu na bidhaa nyingine za misafara. Kiswahili cha bandarini kilikuwa pia na majina ya aina na sehemu za chombo chenyewe. Kapani ilikuwa mizani kubwa ya mizigo mizito; vitanga vilikuwa sahani zake mbili; mtange ulikuwa mti wake. Vipande vya chuma vya kupimia viliitwa mawe, jina linalokumbusha asili yake, na hata leo hujulikana kwa jina hilo.

Kituo cha serikali kilianzishwa Embu mwaka 1906, na cha Meru kikafuata kiasi cha miaka miwili baadaye. Maduka yalifuata vituo, na kila duka lilikuwa na mizani ya vitanga juu ya meza. Chumvi, sukari, na baadaye ngozi na nafaka, zikaanza kuuzwa na kununuliwa kwa ratli, au ratili kama wengi walivyotamka.

Hapo ndipo lilipotokea badiliko la maana lenye kupendeza. Katika Kiswahili ratili ni kiasi cha uzito. Chombo ni mizani. Katika Kikuyu, lugha ndugu ya lugha za Meru na Embu, neno hilo liligeuka ratiri, kwa kuwa lugha hiyo haina sauti ya l, likachukua kazi ya pili ya kuwa jina la mizani yenyewe. Kipimo kilikimeza chombo. Badiliko hilo si la ajabu. Mtu aliyefika dukani alisikia neno moja likirudiwa kila mara kitanga kilipoinuka, naye akalifunga neno hilo na kile alichokiona.

Ratili ilipata nguvu kwa sababu nyingine pia. Neno pauni, ambalo lingeweza kuchukua nafasi yake, lilikuwa limekwisha kukaliwa na fedha; katika hesabu za Kenya pauni ilikuwa shilingi 20. Katika biashara ambayo mzigo na malipo yake hutajwa kwa pumzi moja, lugha ilihitaji kuvitenga viwili hivyo. Mchanganyiko wa ratili kwa uzito na pauni kwa fedha ulikuwa uamuzi wa wasemaji wenyewe, wala haukuhitaji kamati.

Mizani ya vitanga ilikuwa na sifa moja iliyofanana na kibaba: ukweli wake ulionekana. Mawe yalikuwa upande mmoja, sukari upande wa pili, na mti ulilala sawa au haukulala. Mwenye duka aliweza kudanganya kwa jiwe lililochongwa au kwa kitu kilichobandikwa chini ya kitanga; lakini udanganyifu huo ulikuwa na mahali pake, na mahali hapo palikuwa na jina. Mteja aliweza kusema, geuza kitanga nikione.

4. Karani na uso wa saa

Katikati ya miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliruhusu Waafrika kulima kahawa kwa majaribio, na Meru, Embu na Kisii ndizo zilizokuwa mstari wa mbele. Upanuzi mkubwa ulikuja baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Vyama vya ushirika vikajenga viwanda vya kumenyea na kuosha kahawa kando ya mito, na wanachama wakawa wakileta matunda mekundu yaliyochumwa siku ile ile. Chai ya wakulima wadogo ilifuata. Halmashauri ya mazao maalumu iliundwa mwaka 1960, na mwaka 1964 kazi ya chai ikakabidhiwa KTDA. Hatimaye viwanda kama Imenti, Kinoro, Githongo na Michimikuru upande wa Meru, na Mungania na Rukuriri upande wa Embu, vikawa majina ya kila siku katika nyumba za wakulima.

Mazao haya yalileta aina nyingine ya mizani. Majani mabichi ya chai hayawezi kungoja mawe yapangwe; foleni ni ndefu, gari limefika, na majani yakikaa yanapata joto na kuharibika. Mizani ya kuning'inia, yenye springi ndani na uso wa mviringo kama wa saa, ilimaliza kazi kwa muda mfupi. Kikapu kilitundikwa, mshale ukazunguka, karani akasoma na kuandika.

Kwa mara ya kwanza ukweli wa kipimo ulikuwa umefichwa ndani ya kasha. Springi iliyochoka haionekani. Mshale usioanzia kwenye sifuri ulionekana kwa aliyesimama mbele yake tu, na aliyesimama mbele yake alikuwa karani. Tena palikuwa na suala la sehemu ya kilo: mzigo wa kilo 14 na gramu 600 ukiandikwa 14, mkulima amepoteza asilimia nne ya kazi ya siku hiyo, bila mtu yeyote kuigusa mizani. Sheria ya Kenya ya mizani na vipimo, Sura ya 513, iliwapa wakaguzi mamlaka ya kupima na kupiga muhuri vyombo vya biashara. Lakini muhuri hauzuii jicho la karani kushuka chini badala ya kupanda juu.

Hata hivyo msamiati ulipatikana. Mkulima aliweza kusema kwamba mshale haukuanzia sifuri, kwamba kikapu kilihesabiwa zaidi ya uzito wake, au kwamba karani alisoma mzigo kabla haujatulia. Maneno haya ni ya kawaida kabisa, wala hakuna hata moja lililobuniwa katika ofisi ya istilahi. Yalitosha kwa sababu mshale, uso na kikapu vilikuwa mbele ya macho.

5. Kilo yenye mizani na kilo isiyo na mizani

Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilihamia katika mfumo wa metriki. Ratili 100 zikawa kilo 45 na kidogo. Bei ya kila kizio ilipanda kwa kadiri ile ile, na kwa hesabu hakuna aliyepoteza. Lakini tarakimu ya kitabuni ilikuwa imepungua zaidi ya nusu. Neno ratili likaanza kurudi nyuma katika biashara, ingawa ratiri kama jina la chombo ilibaki. Basi katika nchi za mlimani jina la kipimo kilichoachwa limeendelea kuishi katika chombo kinachopima kwa kipimo kingine.

Neno kilo nalo limepata mwenendo wake katika milima ya Nyambene, kaskazini mashariki ya Meru, ambako miraa ndiyo zao kuu. Miraa hufungwa katika vifungu viitwavyo surba, na surba kumi hufanya fungu kubwa ambalo wafanyabiashara huliita kilo au bunda. Kilo hiyo haipandi juu ya mizani. Ni hesabu ya mafungu, na thamani yake hutegemea urefu wa vijiti, ulaini wake, umri wa mti na jinsi mzigo ulivyo mbichi. Kilo imeacha kuwa uzito ikarudi kuwa kipimo cha macho. Ratili ilitoka katika kiasi ikawa chombo; kilo ya miraa imetoka katika uzito ikawa idadi. Mifano hii miwili yatosha kuwaonya watungaji wa kamusi wanaodhani kwamba majina ya vipimo ni maneno yasiyotikisika.

6. Kionyeshi na namna kinavyotayarishwa

Katika karne ya 21 mizani ya tarakimu imeenea katika vituo vya chai, viwanda vya kahawa na maghala ya nafaka. Ina sehemu mbili. Ya kwanza ni jukwaa, au ndoano, iliyokalia kihisi uzito. Ya pili ni kisanduku chenye kioo cha tarakimu na vifungo, ambacho hapa kitaitwa kionyeshi. Kihisi ni kipande cha chuma kilichobandikwa nyuzi nyembamba za umeme. Mzigo ukikalia chuma, chuma hupinda kwa kiasi kisichoonekana, nyuzi hunyoshwa, na ukinzani wake wa umeme hubadilika. Kionyeshi hupeleka umeme, tuseme volti 5, na kwa kihisi cha kawaida hurudishiwa milivolti 10 hivi mzigo ukiwa umefika kikomo. Kutokana na umeme huo hafifu ndipo hupatikana tarakimu zinazong'aa kiooni.

Yafaa ieleweke kwamba kionyeshi kipya hakijui kilo. Hufundishwa. Fundi huliweka jukwaa juu ya sakafu ngumu na kulisawazisha kwa pimamaji. Huunganisha waya, huwasha, na kungoja chombo kipate joto lake la kazi. Kisha huchagua kikomo na hatua ya usomaji. Mizani ya kilo 150 yenye hatua ya gramu 50 ina hatua 3,000 kutoka chini hadi juu, na kitu chochote kilicho baina ya hatua mbili kitasukumwa kwenye iliyo karibu. Baada ya hapo huliacha jukwaa tupu na kukiambia kionyeshi: hii ni sifuri. Halafu huweka mawe yenye uzito uliothibitishwa, tuseme kilo 50, na kuandika kwa vifungo: hizi ni kilo 50. Kutokana na nukta hizo mbili kionyeshi hujikadiria mizigo mingine yote. Mwishoni fundi huhamisha jiwe moja kutoka pembe hadi pembe ya jukwaa kuona kama jibu ni lile lile, huondoa mzigo kuona kama sifuri inarudi, kisha mkaguzi hufunga mahali pa marekebisho kwa lakiri.

Katika hatua hizi mna uwezo ambao karani wa uso wa saa hakuwa nao. Mawe ya kilo 50 yakiwekwa na ikaandikwa 49, basi tangu siku hiyo kila mzigo utasomwa pungufu kwa asilimia mbili. Hakuna mshale uliopinda, hakuna kitanga kilichobandikwa kitu. Kila mkulima atasomewa tarakimu zilizo wazi kabisa, zenye desimali, wote kwa usawa, na zote si kweli. Vivyo hivyo kwa uzito wa gunia: likiwa na kilo 1 na kionyeshi kikaamriwa kutoa kilo 2, mwenye mzigo wa kilo 20 amepoteza asilimia tano kabla hajafika dirishani.

Hatari nyingine haina mkosaji. Kihisi hupima nguvu ambayo dunia huvuta mzigo, na nguvu hiyo hailingani kila mahali. London ni takriban 9.81 kwa kizio cha wanafizikia, na katika ikweta usawa wa bahari ni 9.78. Mji wa Meru umekaribia sana mstari wa ikweta, nao, kama Embu, uko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, ambako mvuto hupungua zaidi. Mizani ya kihisi iliyolinganishwa London na kuletwa Meru bila kuguswa ingeusoma mzigo wa kilo 100 kuwa kilo 99 na gramu 600 hivi. Mizani ya vitanga haikuwa na kasoro hiyo, kwa kuwa mvuto ukipungua hupungua kwa mzigo na kwa mawe pamoja. Ndiyo sababu chombo cha kisasa hulazimika kulinganishwa mahali kitakapotumika, au kuwekewa kadirio la mvuto wa mahali hapo, jambo ambalo mizani kuukuu ya dukani ililifanya yenyewe bila kuambiwa.

7. Suala la istilahi

Vifungo vya kionyeshi kwa kawaida vimeandikwa Kiingereza au vifupisho vyake, na kitabu cha maelezo kimeandikwa Kiingereza pia. Fundi anakijua, karani anajua vifungo vitatu au vinne, mkulima anajua tarakimu. Maarifa yamegawanyika kwa kufuata mgawanyiko wa lugha, na anayelipwa kwa chombo hicho ndiye mwenye sehemu ndogo kuliko wote.

Si kweli kwamba Kiswahili hakina akiba. Sifuri ni ya Kiarabu na imekaa katika lugha kwa muda mrefu. Hata maneno ya Kiingereza yanayohusika hapa yalichotwa katika kisima hicho hicho. Tare, jina la uzito wa chombo unaotolewa, limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kile kinachotupwa kando. Mzizi wa jina lao la kulinganisha chombo na kipimo kilichothibitishwa hudhaniwa kuwa ni lile neno la Kiarabu lililotupatia kalibu, yaani umbo la kusubia madini. Kiswahili na Kiingereza ni wateja wawili wa duka moja. Mmoja aliendelea kununua, mwingine akakomea frasila.

Pamoja na hayo, kufufua maneno ya Kiarabu si lazima kuwe njia bora. Uzito wa chombo ni maneno ambayo kila mkulima wa Imenti au Runyenjes atayaelewa pasipo kufundishwa. Kurudisha sifuri pia ni wazi. Hatua ya usomaji yatosha kwa tofauti ndogo kuliko zote ambayo kioo huonyesha. Kwa kazi ya fundi kulinganisha ni bora kuliko kurekebisha, kwa sababu kurekebisha hudokeza kwamba chombo kilikuwa kibovu, na kusawazisha tayari ni kazi ya pimamaji. Kionyeshi na kihisi yamejengwa kwa njia ya kawaida ya Kiswahili ya kuunda jina la kifaa kutokana na kitenzi.

Ugumu umo katika kuyapeleka maneno haya mahali yanapohitajika. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa Tanzania mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikatoka mwaka 1981; orodha nyingi za istilahi zimetungwa tangu siku hizo. Lakini orodha hukaa maktaba, na mizani hukaa kituoni. Ratili haikupanda mlimani kwa orodha. Ilipanda kwa sababu ilitamkwa kila siku mbele ya mtu aliyekuwa na kitu cha kupata au kupoteza. Maneno ya kionyeshi yatapanda kwa njia hiyo hiyo: kwa kuandikwa kwenye stakabadhi ya mkulima, ukutani pa kituo, na katika kumbukumbu za mikutano ya vyama.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kila mizani iliyoingia Meru na Embu ilisukuma ukweli wa kipimo hatua moja mbali na macho ya mwenye mzigo. Kibaba kilionekana chote, vitanga vilionekana vyote, uso wa saa ulionekana nusu, na kionyeshi huonyesha jibu peke yake. Kadiri chombo kilivyojificha ndivyo maneno yalivyozidi kuwa na kazi, maana kile ambacho jicho halikioni hakina njia ya kuulizwa ila kwa kutajwa.

Waswahili wa kale walipotenga tele na mfuto hawakuwa wakipamba lugha. Walikuwa wakilinda nafaka yao. Mkulima wa chai anayemwuliza karani kama sifuri imerudi kabla gunia lake halijapandishwa, ni kiasi gani kimetolewa kwa ajili ya chombo, na mizani ililinganishwa lini na kwa mawe ya nani, anafanya kazi ile ile. Maswali hayo matatu huulizika kwa Kiswahili chepesi. Linalobaki kwa wataalamu wa lugha ni kuhakikisha kwamba maneno yake yanamfikia kabla ya foleni kuanza.